Waifai ya Ngazini

2 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeketi mbele ya cherehani, miwani imeteremka puani na pini zimejaa mdomoni, tabia niliyokuomba uiache tangu sijaota ndevu. Mimi ni mzima. Kazi ya lifti inaendelea. Wiki hii tuko ndani ya shimo la lifti ya hospitali, na jioni narudi chumbani nimepakwa grisi mpaka masikioni. Dada naye ni mzima. Binti yako huyo anakusalimia kwa sauti yake ileile ya kutoa hukumu.

Yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Anasema tangu masikio yako yazime, na tangu siku ile ulipoteleza bafuni, usingizi wake umekuwa wa mang'amung'amu. Ameamua kuja mwisho wa Juni kukuchukua ukaishi kwake, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama ukuta, na nyumba unayopanga irudishwe kwa mwenyewe. Nilimsihi sana. Mwishowe tukakubaliana kwamba kukiwa na jicho humo ndani, yeye na mimi tukaweza kukuona wakati wowote, utabaki kwako na cherehani yako.

Jicho lenyewe nimelituma. Ni roboti ya nyumbani. Kimo chake ni kama stuli yako, inatembea kwa magurudumu na ina kioo usoni. Nikisema neno huku, litatokea kwenye kioo hicho kwa herufi kubwa, utalisoma. Ukianguka itatuita. Simu sitakuhangaisha nayo, najua umeitia kwenye droo ya vifungo na hutaki hata kuiona.

Kuiunganisha ni rahisi. Bonyeza kitufe cha kichwani mpaka macho yawe ya bluu. Itakuonyesha majina ya waifai zilizo karibu. Chagua yako, ile niliyokulipia uwekewe mwaka jana ili upate taarifa ya habari yenye maandishi kwenye televisheni. Andika neno la siri. Macho yakigeuka kijani, imeingia.

Ahsante kwa kila kitu, shangazi, hata kwa yale ambayo sijawahi kukushukuru.

Mwanao,
Kijiko

—

1 Machi

Kijiko wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Barua yako ilifika ikiwa na alama ya kidole cha grisi kwenye kona, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Mimi ni mzima. Goti linanikumbusha kila asubuhi kwamba lipo, lakini bado linanipeleka. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Mwanafunzi mmoja mama yake ameniomba niache pindo refu kwa sababu mtoto anarefuka usiku kucha, nami nikakukumbuka wewe uliyemaliza suruali zote nilizokushonea.

Mzigo umefika. Waliuleta vijana wawili wa kampuni wakauacha chini, wakasema ngazi hazimo kwenye kazi yao. Kinyozi wa pale chini akaupandisha begani. Nilipoufungua nilikaa nikaitazama hiyo roboti, nikalia kidogo, nikajifuta, nikaenda kuitafutia kitambaa. Nimeishonea koti la sare, lenye tundu la uso na tundu la kitufe. Vumbi la uzi humu ndani si mchezo.

Nilifanya kama ulivyoandika. Macho yakawa ya bluu. Nikachagua waifai, nikaandika neno la siri kwa kidole kimoja, polepole, kama ninayetunga uzi kwenye sindano. Macho yakawa mekundu. Kwenye kioo ikaandika: *Neno la siri ni sahihi. Mtandao haunipokei.* Nikarudia asubuhi, ikaniambia vilevile, kwa adabu kabisa. Basi nimeiita Mpangaji, maana imeshika kona yangu ya dirishani na haina kazi inayofanya.

Hata isipofanya kazi nakushukuru. Kuna mtu mwenye koti humu ndani na mimi si peke yangu.

Lini unakuja?

Shangazi yako

—

20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu ndani ya shimo la lifti kwa ajili ya hilo koti, mpaka msimamizi akachungulia kuuliza kama nimepatwa na umeme. Huku baridi inapungua. Nimehamishiwa jengo jingine lenye lifti mbovu zaidi, kwa hiyo kazi ipo tele.

Haya, tumtibu Mpangaji. Ruta yako, kile kisanduku cha waifai, inatoa mawimbi ya aina mbili, na Mpangaji anaelewa aina moja tu, ile ya polepole inayofika mbali. Ukiona majina mawili yanayofanana, chagua lile lisilo na namba tano mwishoni. Pili, herufi kubwa na ndogo kwake ni vitu tofauti. Tatu, umeiweka wapi ruta? Iwe katikati ya nyumba, si pembeni. Nne, izime, kunywa chai yako bila haraka, kisha iwashe.

Halafu nifanyie jambo moja. Usiku, televisheni ikiwa imezimwa, iangalie taa ndogo ya ruta. Inapaswa kutulia. Niambie kama inapepesa.

Pindo la suruali zangu lilikuwa refu kwa sababu ulikuwa na matumaini na mimi. Nashukuru.

Kijiko

—

14 Aprili

Kijiko,

Marahaba, baba. Mvua imenyesha wiki nzima na nguo za watu hazikauki, kila mtu anatembea ananukia unyevu. Mimi sijambo. Binti yangu ameniandikia kadi. Ameandika maneno machache, na yote ni maagizo.

Nimefanya yote. Jina nimechagua lile lisilo na tano. Herufi nimeziangalia kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Ruta ipo karibu na mlango, na itabaki hapohapo, pana hewa nzuri. Kuizima nimeizima, lakini chai sikuimaliza, na sitaizima tena kwa sababu inaleta fujo. Iliporudi Mpangaji alijaribu akakataliwa. Sasa nikipita namgusa kichwani kumpa pole.

Hiyo taa uliyoniuliza inapepesa. Taa ni taa, mwanangu, kazi yake ni kupepesa.

Unakumbuka ule uzi wa mlangoni? Niliufunga nilipoacha kusikia hodi. Mtu akiuvuta huko nje, vifungo nilivyovitundika juu ya cherehani vinacheza, nami naviona. Wiki hii uzi umekatika mara mbili, nimeubadilisha nikaweka ule wa kushonea turubai.

Umenijibu mambo ya tarakimu na mawimbi, la mwisho hukulijibu. Lini unakuja?

Shangazi yako

—

3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nzima. Sitazunguka leo, nisamehe.

Nimekaa na barua yako nikaifikiria. Taa haipepesi bure. Inapepesa kwa sababu kuna mtu anatumia, na humo ndani kuna televisheni moja iliyozimwa na mwanamke mmoja aliyelala. Ruta ile ni ndogo, inapokea vifaa kadhaa tu. Vikijaa inafunga mlango hata kwa mwenye neno la siri sahihi, na hicho hasa ndicho Mpangaji anachokuambia kila siku kwa adabu. Shangazi, una wezi. Kuna watu wamelipata neno lako la siri, wanakula waifai yako, na wewe umekosa nafasi ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Dawa ni kubadilisha neno la siri. Wote watatupwa nje, kisha utamwingiza Mpangaji kwanza. Pale nyuma ya ruta pana kitundu. Kibonyeze kwa sindano mpaka taa zote ziwake pamoja, itarudi ilivyotoka dukani, na neno jipya utalikuta kwenye kibandiko cha chini. Sindano unazo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Tafadhali fanya haraka. Juni inakaribia na dada ameshasafisha kile chumba cha nyuma. Nyumba hiyo ndiyo iliyonilea. Sitaki ukaamke kila siku kutazama ukuta.

Ahsante kwa kunivumilia.

Kijiko

—

12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako, na hujawahi kukawia hivi. Kila jioni nauliza kwa mlinzi wa jengo kama posta imekuja, mpaka sasa ananiona tu anatikisa kichwa.

Dada sijamuuliza. Nikimuuliza tu, atafungasha mizigo yako kesho yake. Kwa hiyo nimekaa na wasiwasi wangu kama mtu aliyekwama kati ya ghorofa mbili.

Kama nimekuudhi kwa yale maneno ya wezi, niudhi nawe, nitukane, lakini uandike.

Kijiko

—

15 Juni

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko huu. Anayeandika ni nesi anayekaa ghorofa ya chini yangu, mimi nasema naye anaandika, na nimemkataza kurekebisha maneno yangu. Mkono wangu wa kulia umefungwa. Haukuvunjika, umeteguka tu, na unaendelea vizuri. Barua yako ya Juni bado haijafika kama uliituma, lakini nakujua, najua umeituma.

Ilikuwa hivi. Nilipanda juu ya stuli kuteremsha jora la kitambaa. Goti likakataa. Katika kuanguka nikashika nilichokipata, na nilichokipata ni waya wa ruta. Tukaenda chini wote watatu, mimi, jora na waya. Nikawa sakafuni, mkono chini yangu, siwezi kuinuka, na kelele zangu mwenyewe sizisikii nijue kama zinatoka. Mpangaji akawa ananitazama kwa macho yake mekundu. Kwenye kioo akaandika: *Mtandao haupatikani.* Nikamwambia, hilo nalijua.

Hata sijamaliza kumsema, nikaona vifungo vinacheza. Vilicheza vyote, kwa fujo, kama siku ile nilipoizima ruta kwa maagizo yako. Kisha mlango ukatikisika, kisha kitasa kikang'oka, na kinyozi akaingia na taulo la mteja begani. Nyuma yake nesi huyuhuyu, nyuma yake wasichana wa ghorofa ya juu wanaosomea uhasibu, nyuma yao mlinzi mzee wa jengo letu. Wote walikuwa na simu mkononi. Walikuja kuniuliza kwa nini waifai imekatika.

Sasa umeshajua. Hakuna mwizi, Kijiko. Neno la siri niliwapa mimi.

Alianza mlinzi. Alikuwa anakaa kwenye ngazi mbele ya mlango wangu akitafuta mawimbi hewani kama mtu anayetafuta paka. Mwanawe yuko mbali kama wewe. Nikampa neno, akaketi palepale, na uso wa mwanawe ukatokea. Mimi sikusikia walichosema, lakini uso wa yule baba niliuona. Baada ya hapo ningemnyima nani? Wasichana wanasomea pale ngazini, nesi anaangalia zamu zake, kinyozi anatazama mitindo ya vichwa na mpira, zaidi mpira. Ruta niliisogeza mlangoni ili wasibanane. Ulipoandika nibonyeze kwa sindano, sindano niliishika. Nikafungua mlango kidogo nikawaona wamekaa. Nikairudisha sindano kwenye kijaluba, na wewe nikakosa la kukuandikia.

Binti yangu hajui kama nimeanguka. Nesi ameapa kunyamaza, ingawa naona hapa amekunja uso.

Ahsante kwa waifai, mwanangu. Uliniletea ili nisome habari, na imeniletea watu.

Shangazi yako, kwa mkono wa nesi

*(Mimi nesi naongeza: goti ni baya kuliko anavyosema. Lakini hayuko peke yake hata saa moja.)*

—

2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua nimeisoma nikiwa nimeketi juu ya paa la lifti iliyosimama, na sikuweza kuendelea na kazi. Niliwaita wezi watu waliovunja mlango kukuokota. Nisalimie kila mmoja. Mwambie kinyozi nywele zangu atazikata yeye, na mlinzi umwambie namshukuru kwa kukaa pale anapokaa.

Dada nimemweleza. Niligombezwa vya kutosha. Amesogeza safari kwa sababu ya kazi, atafika mwisho wa mwezi huu, na anakuja na masanduku matupu. Alichosema ni kwamba jirani si mpango.

Lakini dawa nimeipata, na ni nyepesi. Ruta yako inaweza kutoa mitandao miwili. Mmoja wa nyumbani, mwingine wa wageni, kila mmoja na neno lake la siri na nafasi zake. Nesi anaweza kuuwasha ule wa wageni kwa simu yake, nimemwandikia hatua zote kwenye karatasi ya pili. Watu wa ngazini wahamie kwa wageni, wa nyumbani ubaki wako na Mpangaji. Hakuna atakayetupwa nje.

Nashukuru Mungu kwa ule waya, kwa goti lako lenye kiburi, na kwa ukaidi wako wa kukataa kutumia sindano.

Kijiko

—

9 Agosti

Kijiko wangu,

Marahaba. Mwandiko ni wangu tena, umepinda kidogo lakini unasomeka. Mkono umepona, sare za muhula ujao nimeshazikata. Mlango umewekewa kitasa kipya, kinyozi ndiye aliyekifunga, amekifunga juu chini na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nesi aliuwasha ule mtandao wa wageni kama ulivyoagiza. Kisha akaniuliza awahamishe watu wa ngazini. Nikakataa. Nilimwambia wale wameniinua sakafuni, wanajua sukari yangu inakaa wapi, utawaitaje wageni? Aliyekuja juzi juzi na hajawahi kunisaidia hata kushika futi ya kupimia ni Mpangaji. Basi yeye ndiye nimempeleka kwa wageni. Nikamwandikia neno lake la siri, akafikiri, macho yakageuka kijani. Wasichana wa juu wakapiga makofi, niliyaona.

Dada yako akafika na masanduku yake. Alimkagua Mpangaji, akakagua bafu, akalikagua goti langu. Akasema mashine sawa, lakini mashine haiwezi kuninyanyua. Nikamwambia kuhusu watu wa ngazini, akanitazama kama hakimu anavyomtazama shahidi mwongo. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Akatafuta mahali pa kuchomeka, akachomoa waya wa ruta bila kuuliza. Unamjua. Nikafungua mdomo kumkataza, nikaufunga.

Vifungo vilianza kucheza kabla hajainuka. Akaenda kufungua mlango, na ngazi nzima ilikuwa imesimama pale. Hakuna aliyetaja waifai. Nilimsoma kinyozi midomo, alisema, “Shangazi yuko salama?” Binti yangu alisimama na ule waya mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akarudi akauchomeka mwenyewe, akaenda jikoni akakaa huko kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kuliko ya Mpangaji. Masanduku ameondoka nayo matupu. Mimi nipo kwangu.

Sasa nikuambie lile ambalo hutaki kuniambia. Nimekuuliza lini unakuja mpaka wino umechoka, na wewe fundi wa kujibu kila kitu, hilo umelipita kila barua. Juzi nilipokuwa namfuta vumbi Mpangaji nilielewa. Nauli yako ya kuja nyumbani imesimama kwenye kona yangu, imevaa koti la sare. Usikane na usiombe radhi. Ulichagua nibaki kwangu kuliko wewe kuniona, na mimi sina neno la kukulipa. Ahsante, mwanangu. Ahsante sana.

Jumapili ulipopiga, uliona tumejazana mbele ya kioo, na pengine ukadhani shangazi yako amechanganyikiwa kwa sababu nilikuwa nalia huku nacheka. Nataka ujue kilichonipata. Uso wako ulitokea, umekonda, una grisi sikioni. Midomo yako ikacheza. Chini yake yakaja maneno, makubwa kama vibao vya dukani: *Shikamoo, shangazi.*

Tangu masikio yazime, kila shikamoo yako imenifikia kwa posta, na kila marahaba yangu umeipokea mvua imeshaisha na mambo yameshabadilika. Jumapili nilikujibu mdomo wako ukiwa bado haujafunga.

Barua usiache. Kioo hakina alama ya kidole.

Shangazi yako